Herufi ya Mwisho ya Jina la Babu

Mimi nimewahi kupokewa na ukoo mzima wa Kichina, nikashikwa mashavu, nikaliliwa, nikapigiwa ngoma, nikawekwa mbele ya wazee kama mjukuu aliyepotea akarudi, halafu mbele ya watu walewale ikabainika kwamba mimi si wao, si mjukuu wao wala jamaa yao wa mbali, na aliyewaambia kwamba ni wao alikuwa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Nje ya nyumba yetu mimi sijamsimulia mtu habari hii. Leo naisema kwa sababu nyinyi ni watu wangu, na kwa sababu kila nikiinyamazia naona inazidi kunenepa.

Ilikuwa mwishoni mwishoni mwa miaka ya tisini, na Waswahili wa Guangzhou wakati huo tulikuwa wachache, ukimwona mwenzio ng'ambo ya barabara unavuka kwenda kumsalimia hata kama humjui. Mimi nilikuwa nanunua viatu Zhanxi, karibu na stesheni ya treni (viatu vyeusi vya wanafunzi, vile ambavyo soli inabanduka kabla ya mtihani, sijitetei), na chumba nilipanga Sanyuanli, juu ya ofisi ya wakala wa mizigo. Kila safari nikiaga nyumbani Wete, mama yangu, Bi Mize, alikuwa na ombi lilelile: "Hamadi mwanangu, ukifika huko nitafutie watu wa baba."

Baba yake mama alikuwa Mchina. Alikuja Pemba zamani za Mwingereza kununua majongoo ya bahari, yale wanayoyakausha na kuyapeleka kwao kuliwa, akasilimu, akaitwa Abdalla, akaoa kwetu, akapata binti mmoja, halafu homa ikamchukua binti akiwa bado mdogo. Mama alibaki na mambo mawili tu ya baba yake: kwamba alikuwa akimpandisha mabegani kwenda naye sokoni, na kwamba Wachina wenziwe wakipita walimwita kwa jina linaloanza na Cha. Cha nini, hakukumbuka. "Mwisho wake walikuwa wakiumeza," alikuwa akisema. Utotoni watoto wenziwe walimwita binti Mchina, na si kwa wema. Alishazeeka, ana wajukuu, lakini kila panapokaliwa pakatajwa koo, huyu wa huku na yule wa kule, mama ananyamaza na kutafuta kitu cha kushika mkononi.

Basi mwaka mmoja binamu yangu Fatma, ambaye anaishi Unguja, alikwenda pale panapohifadhiwa nyaraka za zamani, akapekua, akapata ukurasa wa hesabu ya watu ya wakati wa Mwingereza, mtaa wetu wenyewe, nyumba kwa nyumba, akaupiga fotokopi akanipa niondoke nao. Sasa huo mwandiko! Karani aliyeandika, Mungu amrehemu, alikuwa ama ana haraka ama ana njaa: herufi zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo, wino umefifia, doa la maji limekula nusu ya mistari ya chini, na mashine ya fotokopi nayo ikaongeza weusi wake. Lakini mstari wa babu ulikuwepo. Abdalla, Mchina, mwanamume, mnunuzi wa majongoo, kazaliwa Canton, ambalo ndilo jina Waingereza walilokuwa wakiuitia mji wa Guangzhou. Na baada ya Abdalla, lile jina la kwao. C, kisha h, kisha a, kisha herufi ya mwisho, vijiti viwili vifupi vilivyounganishwa, ila vimeunganishwa juu au chini, hapo ndipo macho yanapokwama.

Lazima mwelewe kwamba mimi nyumbani kwetu ndiye msomaji. Nilimaliza kidato cha nne, vyeti vya daktari nasoma mimi, barua za mirathi nasoma mimi, na mtu akisifiwa jambo moja tangu utotoni huishia kuamini kwamba analiweza hata akiwa amefumba macho.

Chini kwenye ofisi ya wakala alikuwa akikaa Mzee Liang, mstaafu, aliyekuwa mkalimani wakati wa kujenga reli ya kwenda Zambia. Kiswahili chake alikipatia Mlimba, kilikuwa safi lakini cha zamani, kila mtu kwake alikuwa "ndugu", na sisi wafanyabiashara tulikuwa tukimtumia sokoni kutukalimania. Nikampa ile karatasi. Akavaa miwani, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndugu Hamadi," akasema, "herufi hii ya mwisho ni n ama u? Kama ni n, huyu ni mtu wa ukoo wa Chan. Kama ni u, ni wa ukoo wa Chau. Hao ni watu mbalimbali kabisa."

Sasa wakati huohuo laoban wa mizigo, yaani bosi wa pale, alikuwa ananipigia kelele mlangoni kwamba mizani inanisubiri, na nyuma yangu kuna foleni ya watu wenye mikokoteni. Nikaichungulia ile karatasi kama mtu anayechungulia sufuria kuona kama maji yamechemka.

"Ni n," nikasema.

"Una hakika?"

"Mzee Liang, mimi maandishi ya makarani nimeyasoma tangu mdogo. Hiyo ni n." (Karani niliyewahi kusoma maandishi yake alikuwa mmoja, wa shule yetu, na mwandiko wake ulikuwa kama wa kitabu.)

Nikaenda kupima viatu vyangu. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho.

Haukupita muda Mzee Liang akanijia uso umemng'aa. Nyuma ya majengo ya maduka ya jumla ya Sanyuanli kuna kijiji cha zamani ambacho jiji lilikimeza kikiwa kizima, nyumba zimebanana mpaka jirani na jirani wanaweza kupeana chumvi dirishani, na humo mnaishi akina Chan. Kulikuwa na bibi mmoja mzee sana, na kaka yake, Chan Wing, aliondoka kijana kwa meli, akatuma salamu mara moja tu kwamba yuko kisiwani katika nchi ya watu weusi, ananunua vitu vya bahari. Halafu kimya mpaka leo. (Baadaye nilijua kwamba Wachina waliotawanyika kutafuta vitu vya bahari walikuwa wengi, na visiwa navyo ni vingi, lakini siku ile nilidhani Mchina aliyewahi kufika upande wetu ni babu yangu peke yake.)

Tukaenda. Bibi yule alikuwa mmoja wa wale wanawake wa zamani wa huko walioapa kutoolewa, wakasuka nywele zao kwa namna yao na kuishi kwa kazi za mikono yao, ndiyo maana mpaka uzeeni alikuwa bado kwao, katika nyumba ya wazazi wake. Mzee Liang akaniambia nimwite Ku-po, yaani dada wa babu. Nikamwita. Akanishika uso kwa mikono yake yote miwili, akanigeuza huku na huku, akasema neno.

"Anasema masikio ni ya Wing," Mzee Liang akatafsiri.

Mimi masikio yangu ni ya baba yangu mzazi, Mpemba wa Konde, kila mtu anajua. Lakini siku ile niliyagusa nikayaona ya Kichina.

Kisha akaniuliza kama kaka yake alikufa. Hivi hivi, bila kuzunguka. Mama yake alipokuwa anakata roho alimwachia wasia kwamba jina la Wing lisiingie katika ukumbi wa ukoo, ambako huwekwa vibao vya majina ya waliokufa, mpaka aje mtu aliyejua kafia wapi na kazikwa na nani. Miaka yote wazee wa ukoo walikuwa wakimwambia akubali, naye anakataa. Nikamweleza niliyosimuliwa na wazee wa nyumbani: homa, Wete, watu walijaa msibani, akaoshwa, akasaliwa, na kaburi lake mama hulifagia kila Idi. Yule bibi akaweka mikono magotini. Halafu akasema, "Basi sasa liingie."

Tukapiga simu nyumbani kutoka kibanda cha simu cha barabarani, ikapokelewa Wete kwenye duka la jirani yetu, mama akaitwa akaja. Nikamwambia tumewapata. Ku-po akauchukua mkono wa simu. Wanawake wawili wazee, hakuna anayejua neno moja la mwenzake, mmoja Sanyuanli na mmoja Wete, wakawa wanalia tu humo ndani ya simu. Nikamtazama Mzee Liang.

"Hapo hakuna cha kutafsiri," akasema.

Mama akasoma hitima, akapika, akaita mtaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasimama mbele za watu akataja ukoo wake. Nilisimuliwa baadaye kwamba aliitamka ile Chan kwa nguvu, na n yake ikasikika mpaka barazani.

Sasa hapa ndipo kiburi changu kilipojiongezea kazi. Siku ya kuweka jina ukumbini ilipopangwa, nikaona haifai babu kuwasilishwa kwa kikaratasi cha kukunja mfukoni, nikaupeleka ule ukurasa kwa watu wa kuchapa mabango, wakaukuza mpaka ukawa na ukubwa wa mlango, tukautundika kwenye nguzo ya ukumbi, kila mtu auone. Na nikamwalika Mama Elibariki awe shahidi wa kwetu. Huyu alikuwa mfanyabiashara mwenzetu wa Moshi, ananunua nguo za watoto, na kabla ya biashara alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa muda mrefu sana. Laiti ningefikiria hilo.

Ukumbi ulijaa. Ngoma na matoazi, wazee wa ukoo wamekaa mbele, kibao kipya kimefunikwa kitambaa chekundu. Mimi nilikuwa nimeshawaeleza kwa adabu kwamba dini yangu hainiruhusu kupiga magoti wala kushika ubani kwa ajili ya marehemu, nitasimama tu. Wakashauriana, wakasema kusimama kunatosha. Na kwa kuwa wao walikuwa na nguruwe wa kuchoma, Ku-po alininunulia sufuria mpya, haijawahi kupikiwa, akanikaangia samaki mwenyewe. Nawaambieni haya mjue nilikuwa nafanyiwa wema wa namna gani.

Kitambaa kikafunuliwa. Jina la Wing likawa limeingia. Ku-po akalia kwa sauti ndogo, wanawake wakamshika, ngoma zikapanda. Na Mama Elibariki, aliyesimama karibu yangu, alikuwa anasoma ule ukurasa mkubwa kuanzia juu kushuka chini, kama alivyokuwa akisoma madaftari ya wanafunzi wake.

"Hamadi," akaniambia, "mbona huyu karani n yake haiko hivi?"

"Mama Elibariki, si sasa."

"Hapana, tazama. Hassan, pale juu. Athumani, pale. N zake zote zina kilima, zimefungwa juu. Halafu tazama huyu anayeitwa Sultani, ana zote mbili, u na n katika jina moja. U yake iko wazi juu kama bakuli." Akanyoosha kidole. "Ya babu yako ni bakuli, kaka. Hii si Chan. Hii ni Chau."

Alisema kwa sauti ya chini na kwa Kiswahili, kama tunavyosema mambo yetu yote sokoni, kwa imani kwamba lugha yetu ni ukuta. Lakini upande wangu wa pili alikuwa Mzee Liang, ambaye tangu asubuhi alikuwa anachukua maneno yetu na kuwapa wazee, anachukua ya wazee na kutupa sisi, bila kupumzika, na mtu akishazoea kazi mdomo wake unatangulia akili. Akatafsiri. Neno kwa neno, kilima na bakuli, mpaka lile jina la mwisho. Nilimwona alipogundua alichosema, akaziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalishafika.

Ngoma hazikunyamaza kwa pamoja. Alinyamaza mmoja, halafu mwingine, na wa mwisho, aliyekuwa mbali hajui kinachoendelea, akaendelea kupiga peke yake mpaka akaguswa bega.

Nikautazama ule ukurasa. Kwa kuwa nilikuwa nimeukuza mwenyewe, tena kwa bidii, hakukuwa na pa kujificha: bakuli lilikuwa bakuli. Nikajaribu kusema kwamba pengine karani alikosea, pengine kalamu iliteleza (mtu anayezama hushika hata unyasi). Mzee mmoja wa ukoo akainuka, akaenda mpaka kwenye nguzo, na yeye herufi zetu hazijui, lakini akaweka kidole kwenye n ya Hassan, akakihamishia kwenye u ya Sultani, akakileta kwenye jina la babu yangu. Akageuka akanitazama. Haikuhitaji kujua kusoma.

Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walikuwa wameshaanza kula, wakabaki na vijiti mkononi. Mama Elibariki alikuwa amenishika mkono anasema, "Mungu wangu, Hamadi, Mungu wangu, mimi nimefanya nini," nami nikamtikisia kichwa kwamba yeye hajafanya kitu. Ku-po, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, alikuwa akiuliza kuna nini, na kila aliyemwuliza alitazama pembeni. Mwishoni Mzee Liang akamwendea, akachuchumaa mbele ya kiti chake, akamweleza. Ilimchukua muda mrefu. Kisha akaniita.

"Mwambie anisamehe," nikasema. "Mwambie sikukusudia. Niliitazama kwa haraka."

Ku-po aliuliza, "Huyo Chau, mlimzika kweli?"

"Kweli."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo wengi."

"Na anafagiliwa?"

"Mama yangu humfagilia."

Wazee walikuwa wanabishana kama kibao kishushwe, maana Wing sasa hakuna tena aliyemzika, na utaratibu ni utaratibu. Ku-po akainua mkono wakanyamaza.

"Wing hayupo," akasema, na Mzee Liang akawa ananitafsiria kwa sauti iliyokauka. "Najua siku nyingi kwamba hayupo. Sikutaka niwe mtu wa kwanza kulisema. Kama Chau aliangukia kwa watu wa namna hii, basi na Wing aliangukia kwa watu. Jina liacheni." Halafu akaninyooshea kidole mimi. "Na huyu mpeni samaki wake, anapoa."

Nikakaa nikala. Ukumbi mzima ulinitazama nikila. Sijawahi kula chakula kitamu kikashuka kwa shida namna ile, na nilikila chote, mpaka mifupa niliiweka safi pembeni, kwa sababu nilikuwa sina kitu kingine cha kumfanyia.

Ikabaki simu ya nyumbani. Niliiahirisha nikaiahirisha, mwisho nikapiga. Nikamweleza mama kila kitu, herufi na bakuli na yote.

"Na yule bibi?" akauliza.

"Yupo."

"Umemwacha na nani?"

"Na watu wake, mama."

"Hamadi, mimi kabla hujaenda nilikuwa sina watu, na sasa sina vilevile, nimezoea. Yeye ulimpa, ukamnyang'anya. Rudi ukamwamkie."

"Nitawaambia nini watu wa mtaani?"

"Hao niachie mimi."

Na kweli aliwaambia mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwamba mwanangu kakosea herufi, akina Chan si wangu, samahanini kwa pilau. Wapo waliocheka, nilisikia. Yeye alipita tu.

Nilirudi kwa Ku-po. Nilisimama nje ya mlango wake muda mrefu, nikiwa na machungwa mkononi, nikitafuta neno la kumwitia sasa, maana Ku-po halikuwa langu tena. Akafungua kabla sijabisha. "Chau," akasema, akanionyesha kiti. Na tangu siku hiyo hakunikosea hata mara moja: aliniita Chau, kwa utulivu, akiivuta ile u ya mwisho mpaka isikike vizuri. Mara za mwanzo ilikuwa inanichoma kama kofi. Baadaye niliona kwamba katika nchi nzima ile, huyu ndiye mtu pekee aliyekuwa ananiita kwa jina la babu yangu. Alinisaidia hata kuulizia, yeye na Mzee Liang, lakini akina Chau ni wengi kama mchanga, na mpaka leo wetu hatujawapata.

Mimi sasa ukiniletea karatasi ya zamani, iwe ya mirathi au ya daktari, usitarajie jibu la palepale. Nitakaa nayo, nitatafuta kwanza maneno ninayoyajua, nitaitazama kila herufi na ndugu zake, na nikishindwa nitakwambia nimeshindwa. Watu wa nyumbani wanasema nimekuwa mzito, na kweli nimekuwa mzito. Nimeapa kwamba sitampa mtu babu tena mpaka nimjue ni wa nani.